Mvua Niliyoiongeza

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuvaa nguo za Krismasi kabla ya kupakwa mafuta na kuambiwa alivyozaliwa. Asubuhi ya siku hiyo mama huchemsha maji, humwogesha mtoto kwenye beseni, humketisha kwenye kigoda, kisha huanza kumpaka mafuta ya mgando kutoka kisogoni akishuka. Mikono ikishuka, mdomo unasimulia. Akifika kwenye nyayo, mtoto awe ameshazaliwa, amekatwa kitovu, amepewa jina na ameletwa nyumbani. Hapo ndipo soksi mpya zinavalishwa. Mama aliipata desturi hiyo kwa mama yake, aliyeletwa Nakuru kutoka magharibi na mume aliyefanya kazi ya reli. Sijawahi kukutana na familia nyingine iliyo nayo. Nimeuliza sana. Niliwauliza hata wenzangu chuoni, wakacheka, nikajuta wiki nzima kwa nini niliuliza.

Kanuni yake ni moja tu: anayesimulia ni yule aliyezaa. Baba hasimulii, nyanya hasimulii. Mama husema wengine wote waliona mlango tu.

Mimi nina miaka ishirini na sita na bado napakwa, ingawa siku hizi ni mikono tu. Nilizaliwa mchana, nikatoka kimya, muuguzi akanichapa mara mbili ndipo nikalia. "Mimi nilijua hukuwa umekufa," mama husema kila mwaka, akinisugua vidole. "Ulikuwa umeanza kufikiria." Na kila mwaka dada yangu hucheka pale pale, utadhani hajawahi kuusikia utani huo.

Mwaka ambao dada alipata mtoto, nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, na nilikuwa nyumbani kwa sababu wahadhiri walikuwa wamegoma. Ilikuwa Februari. Nilienda na mama hospitalini kubeba mfuko. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia wodi ya akina mama, kwa hiyo nilisimama mlangoni, na kutoka pale nilimwona dada amelala akiutazama ukuta. Muuguzi alimletea mtoto akakataa kugeuka. Kesho yake nilirudi, nikamkuta vilevile, mgongo kwetu, blanketi hadi sikioni. Baba wa mtoto alikuwa amebadilisha nambari ya simu tangu Novemba. Siku ya tatu mama ndiye aliyembeba mtoto kumleta nyumbani, mtaa wa Rhonda, juani, dada akifuata nyuma hatua kumi kama mtu wa familia nyingine. Hatukulizungumza jambo hilo tena. Baada ya majuma machache alianza kumshika mtoto, kisha akawa hamwachi, na sisi tukanyamaza tukishukuru.

Krismasi iliyofuata, mtoto akiwa wa miezi kumi, dada alichemsha maji yake, akaingia chumbani na beseni, akafunga mlango. Haikuwa kawaida kufunga mlango. Tulisikia sauti yake tu, ya chini, ndefu, bila maneno. Mwezi uliofuata alisafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alisaini mkataba wa miaka miwili, ikawa karibu mitatu.

Nilimaliza mtihani wangu wa mwisho miezi michache baada ya hapo, nikarudi nyumbani kungoja kazi, na kwa kuwa mama hutoka alfajiri kwenda kununua viazi vya Olenguruone vinavyoshuka na malori, mtoto akawa wangu. Sikuamua. Ilikuwa kwamba kila asubuhi mama alikuwa ameshatoka na mtoto alikuwa ameshaamka. Nilijifunza kukoroga uji usishike sufuria. Nilijifunza kusuka mistari minne, ya tano ikinishinda kila mara kwa sababu kichwa cha mtoto hakikai. Kinyozi aliye mkabala na ploti yetu ya vyumba vya kupanga alinipa jina.

"Niaje, yaya mkuu?" alikuwa akiniita kutoka mlangoni mwake. "Leo tumekula uji wa wimbi ama wa mahindi?"

"Wa wimbi, boss."

"Digrii inafanya kazi!"

Nilicheka naye. Kisha nilikuwa narudi ndani nikifikiria kama alimaanisha, na kama wateja wake walisikia, na kama mmoja wao ana rafiki anayeajiri watu.

Lakini wasiwasi mkubwa ulikuwa mwingine. Nilikuwa nimesoma mahali fulani, sikumbuki wapi, kwamba mtoto mdogo husahau mzazi haraka. Dada alipiga simu Ijumaa tu, mwajiri akiwa amempa ruhusa, na mara nyingi mtoto alikuwa amelala au mtandao ulikatika. Kwa hiyo nikawa namzungumzia dada kutwa nzima. Mama yako anapenda hii. Mama yako hangekubali ule hiyo. Niliogopa siku moja arudi akute amefutika akilini mwa mtoto, na kosa liwe langu.

Krismasi ya kwanza bila yeye, maji yalichemka, beseni likawekwa, na mama akasimama tu akilitazama.

"Nani atamsimulia?" aliuliza.

Tulipiga simu. Haikushikwa. Kule ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

"Basi tumpake tu," mama akasema.

Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilisema mtoto asiposimuliwa mwaka huu na mwaka ujao, desturi imekufa kwake. Mama akaniambia, "Wewe uliona mlango," nikamjibu kwamba mlango ni bora kuliko kimya. Akaenda jikoni. Nilimketisha mtoto, hajafika hata miaka miwili, nikachovya vidole kwenye mafuta, nikaanza.

Na nilipofika pale kwenye ukuta, sikuweza. Nani angeweza? Nilimwambia mama yake alipomwona alicheka kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakaamka. Kisha nikaona kwamba mama yake amecheka lakini hakuna kingine kinachotokea, na mtoto ananitazama akingoja, kwa hiyo nikaongeza kwamba ilinyesha mvua kubwa tulipotoka, nami nikamfunika ndani ya jaketi langu, tone moja likampiga puani, akapiga chafya. Mvua niliileta mimi, mwezi wa Februari, kwa sababu jaketi lilihitaji mvua. Sijui kwa nini nilijiweka mle. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi na kila mara nafika jibu tofauti, na hakuna hata moja ninalolipenda.

Alilipenda jaketi lile kupita kiasi. Alipoanza kusema vizuri, alidai hadithi kila jioni ya kuoga, si Krismasi tu. "Mvua," alikuwa akiniambia, akijiketisha kwenye kigoda. Nikiacha chafya, aliipiga mwenyewe. Krismasi ya pili alinisimulia yeye, nami nikapaka tu.

Dada alirudi mwaka jana, wiki mbili kabla ya Krismasi. Alikuwa amekonda na alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtu. Mtoto, aliyekuwa anakaribia miaka minne, alimpa mkono kama tulivyomfundisha kuwapa wageni wa kanisani, kisha akarudi akasimama nyuma ya mguu wangu. Dada akasema, "Ni sawa, ni sawa," mara nyingi sana.

Siku ya tatu tulikuwa tunafua nje, yeye na mimi, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Wanataka jibu kufikia katikati ya Januari. Kama narudi ama sirudi."

"Unarudi?"

"Mtoto akinishika, sirudi. Nitatafuta kazi yoyote hapa. Lakini kama mimi ni mgeni kwake, nitakaa hapa nikifanya nini? Nikimwangalia akikuita wewe? Afadhali nirudi." Alikamua shati. "Huko nilikuwa nalea mtoto wa watu. Alikuwa ananilalia mgongoni. Wa kwangu ananipa mkono."

Nilijua hapo hapo kwamba lazima nimwambie kuhusu hadithi. Krismasi ilikuwa inakuja, angekaa kando ya beseni, angeanza kusimulia, na mtoto angekuwa na hadithi yake tayari. Nilipanga maneno. Lakini kila nilivyoyapanga, yalipita kwenye ukuta ule. Siwezi kumwambia nilibadilisha bila kumwambia nilibadilisha nini, na nikimwambia hivyo, atajua kwamba nilimwona na nimekuwa nikikumbuka miaka yote hii. Labda mwenyewe alikuwa amesahau. Labda hadithi yake ilikuwa na kicheko pia. Watu husahau vitu vizito zaidi ya hivyo. Nilijipa siku ya tarehe ishirini, kisha ishirini na mbili. Tarehe ishirini na nne alasiri tulikuwa tunapika chapati, mimi nasukuma, yeye anageuza, mtoto anakula unga mbichi chini ya meza, na dada alikuwa anaimba. Ningewezaje kuvunja hilo? Nikasukuma chapati nyingine.

Asubuhi yake kulikuwa na baridi. Dada alichemsha maji mapema. Safari hii hakufunga mlango. Nadhani alitaka tuone. Mtoto alikubali kuogeshwa kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu nikiwa nimeshika gauni jipya. Dada alipiga magoti, akafungua kopo, akaanza kisogoni.

"Siku uliyozaliwa," alisema, "jua lilikuwa kali hadi lami ilikuwa inashika viatu."

"Hapana," mtoto akasema. "Kulikuwa na mvua."

Dada alitabasamu. "Ilikuwa Februari, mami. Hakukuwa na mvua."

"Kulikuwa! Ilinipiga hapa." Akagusa pua. "Nikafanya chafya. Anko alinibeba kwa jaketi."

Mikono ya dada ilikuwa begani kwa mtoto. Haikuendelea kushuka.

"Anko alikubeba?"

"Eeh. Wewe huijui hii hadithi?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unacheka," mtoto akamwambia, kwa subira, kama anayemfundisha. "Ha ha ha! Mpaka watu wakaamka."

Dada alinitazama. Sikumbuki niliangalia wapi. Najua mama aliweka kikombe chini jikoni na hakukiinua tena. Kisha dada akapangusa mikono yake kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoka nje. Mtoto alibaki kwenye kigoda, mabega yanang'aa, kuanzia kifuani kushuka mkavu.

"Hajamaliza," alisema. "Anko, maliza wewe."

"Sitamaliza," nikasema, na sauti yangu ilimfanya alie.

Nilimkuta dada kwenye bomba la ploti. Majirani walikuwa wanapita na watoto wao waliovaa viatu vinavyolia kila hatua, wakitutakia heri, nasi tukawa tunajibu, "Na nyinyi pia, mathe, na nyinyi pia," kati ya sentensi zetu.

"Ulikuwa pale mlangoni," akasema. "Uliniona."

"Niliona."

"Na ukamwambia nilikuwa nacheka."

"Nilitaka akupende."

"Sasa anampenda huyo anayecheka. Mimi simjui huyo." Alifungua bomba akalifunga, hakuwa na ndoo. "Unajua ile Krismasi ya kwanza nilifunga mlango nikamwambia nini? Nilimwambia vile ilikuwa. Kwamba nilikataa kumwangalia siku mbili. Nikamwomba msamaha. Alikuwa anakula soksi, lakini nilimwambia. Nikasema kila mwaka nitamwambia hivyo hivyo, mpaka siku moja aelewe, asije akasikia kwa watu. Miaka mitatu nimekuwa nikisugua sakafu za wengine nikipanga hayo maneno. Kumbe hapa tayari alikuwa na mvua."

Nilianza kueleza. Nilieleza kuhusu niliyosoma, kuhusu simu ambayo haikushikwa, kuhusu kimya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikizidi kuongeza. Akanikatiza.

"Wewe ulimwonea aibu nani? Mimi ama wewe mwenyewe?"

Jirani mwingine alipita na heri zake, nikamjibu huyo.

Tulienda kanisani mtoto akiwa amepakwa nusu, mikono amekunja, hataki kushikwa na yeyote. Dada alikaa mwisho wa benchi upande wa mlango. Wakati wa mahubiri nilihesabu siku zilizobaki hadi katikati ya Januari, na nikaelewa kwamba kama dada ataondoka, atakuwa ameondolewa na mimi.

Mchana, wengine wakila, nilimketisha mtoto kwenye ngazi ya nje.

"Ile mvua," nikamwambia, "haikuwapo."

Alinitazama. "Ilienda wapi?"

"Haikuja. Niliiongeza mimi."

"Kama chumvi?"

"Kama chumvi. Na jaketi pia. Aliyekubeba ni shosho, na jua lilikuwa linawaka."

Alichora ngazi kwa kidole. Nilitaka kusema kitu kingine, nikajizuia kwa kuuma shavu.

"Na mama kucheka?"

"Hiyo pia niliongeza. Mama alifanya nini, yeye ndiye anajua. Mimi nilikuwa mlangoni. Muulize."

Hakuuliza. Siku hiyo hakuuliza, wala kesho yake. Alimwuliza shosho wake, yaani mama yetu, naye akamwambia, "Muulize aliyekuzaa." Alimwuliza kinyozi, ambaye alimwambia watoto wote huletwa na lori la viazi. Dada alikuwa anamwona akizunguka na swali, na hakumwita. Sijui alipata wapi nguvu ya kutomwita. Mimi ningekuwa nimeshaongea kuanzia Adamu.

Siku ya tatu, saa tano hivi asubuhi, dada alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi. Mtoto alienda akasimama mbele yake. Nilikuwa ndani napiga pasi, nilisikia.

"Nilipozaliwa ulikuwa unafanya nini?"

Kisu kilinyamaza. "Nilikuwa nimelala. Nimeangalia ukuta."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kukuangalia."

"Nilikuwa mbaya?"

"Hapana. Ulikuwa mzuri. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Mtoto akaangua kicheko kikubwa, cha kweli, hadi nikakaribia kuchoma kola. "Mimi! Mimi ni mdogo!" Nilichungulia. Alikuwa amekunja vidole kama makucha, anamngurumia mama yake, na dada anarudi nyuma kwenye kigoda chake, akijifanya na bila kujifanya, machozi yamejaa. "Bado unaogopa?" mtoto akamwuliza. "Kidogo," dada akasema. Akangurumiwa tena. Walicheza hivyo hadi viazi vikabadilika rangi ndani ya maji.

Ningependa kusema tangu siku hiyo mambo yalikuwa sawa. Mtoto alianza kumwendea, ndiyo, lakini kwa vipindi, na kila alipomwendea alikuwa na swali, mengine magumu, kuhusu baba, kuhusu kwa nini aliondoka na ndege. Dada alijibu yote. Wakati mwingine alijibu kisha akaenda kukaa chooni muda mrefu. Na kwangu mtoto alibadilika. Nikimwambia uji una moto, anauliza mama yake. Nikimwambia nje kuna baridi, anafungua mlango anatoa mkono kuhakikisha. "Anko anaongezaga," alimweleza kinyozi siku moja, na kinyozi akapiga makofi kwa furaha. Ni kweli nilistahili. Lakini nilikuwa nimeishi karibu miaka mitatu nikiwa mtu mmoja duniani ambaye neno lake halihakikishwi na yeyote.

Dada hakurudi Uarabuni. Alipata kazi ya kufunga maua upande wa Naivasha kupitia mama mmoja wa kanisa, na chumba Longonot, karibu na mjomba wetu. Hakuuliza kama mtoto atabaki kwetu kwanza, nami sikuuliza. Alinunua beseni dogo jipya.

Siku moja kabla ya kuhama, mchana, nguo za mtoto zikiwa zimepangwa juu ya kiti, aliniambia niketi. Alikuwa na daftari.

"Niambie hiyo miaka mitatu," akasema. "Alianza lini kusema. Aliugua nini. Alikuwa analilia nini. Kila kitu. Usiongeze."

Nilifurahi. Nilidhani hilo ni jambo ninalolijua kuliko mtu yeyote. Nikaanza na neno lake la kwanza, nikalitaja, dada akaandika, kisha nikakumbuka kwamba huenda hilo ni neno nililowaambia watu kwa sababu linachekesha. Nilimwambia asiliandike. Akalifuta. Nikamwambia kuhusu usiku wa homa niliokesha naye, nikasita, kwa sababu mama pia alikesha, na sikumbuki tena nani alishika kitambaa cha maji baridi.

"Sema unachojua tu," dada akasema.

"Alipata matubwitubwi. Mwezi wa sita."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Kulia," mama akasema kutoka jikoni. "Nilimkanda mimi."

Dada aliinua kalamu akanitazama, bila hasira, akingoja. Nilifumba macho nikajaribu kuliona shavu lile dogo lililovimba, na niliona mashavu yote mawili.